Nimeachiwa faili la ubora la kozi ya ualimu, ripoti ya kila mwaka naianzia wapi?

BintiTudor

Salaam aleikum wadau. Nawauliza walimu na malekchara mlioko humu, hata mliostaafu, manake hili jambo limenikaba.

Mie nafundisha kwa kandarasi kitivo cha elimu, chuo kimoja cha binafsi hapahapa Mombasa, jina naliacha. Juzi mkuu wa idara kaniita ofisini akanikabidhi boksi faili na flashi, akaniambia kuanzia leo wewe ndiye mratibu wa ubora wa programu ya B.Ed, ripoti ya maboresho ya mwaka naitaka kabla muhula haujafungwa. Basi, maneno yakaishia hapo. Pesa ya ziada hakuna, msaidizi hakuna.

Nikafungua ripoti za nyuma nione wenzangu waliandikaje. Jamani. Ripoti tatu mfululizo, sehemu ya hatua zitakazochukuliwa inasema "idara itaimarisha ufuatiliaji wa wahitimu na kuboresha mazoezi ya kufundisha", mwaka unaofuata sentensi ni ileile mpaka mkato wake, kilichobadilika ni tarehe na sahihi. Nikatafuta hao wahitimu waliofuatiliwa, hata namba moja ya simu sikuiona. Alama za TP, yaani hayo mazoezi ya kufundisha shuleni, nazo zimejazana kati ya 68 na 75, hakuna aliyeanguka hakuna aliyetia fora, watu wamefundisha shule tofauti masomo tofauti halafu wote wakatoka sawasawa.

Ofisini naambiwa dada usijichoshe, programu imeshapitishwa na cheti kiko ukutani, hiyo ripoti ni karatasi tu ya kuweka kwa faili. Lakini moyo wangu haukubali, manake hawa wa mwaka wa nne nilio nao wote ni watoto wa mtaala wa zamani wa 8-4-4, na Gredi 10 ya mtaala mpya ndio hiyo imeanza Januari 2026, wanaenda kufundisha mtaala ambao wao wenyewe hawajawahi kukaa darasani wakasomeshwa. Sasa tukiandika tena kwamba "tutaimarisha" tutakuwa tumeimarisha nini?

Nisaidieni hapa: ithibati ya programu inatosha ama haitoshi? Na nikitaka kuandika ripoti ya kweli bila bajeti nikusanye nini, kutoka kwa nani, na nani ataisoma?

KijanaWaMajengo

Kopi, bandika, badilisha mwaka, tuma. Hakuna anayesoma hizo vitu sister, nakwambia.

MaalimMstaafu

Wa aleikum salaam binti yangu. Usimsikize huyu kijana, yupo anayesoma, shida ni kwamba haji kila mwaka. Siku anayokuja ndio utaona watu wanakimbia na mafaili korido nzima.

Ngoja kwanza nikutenganishie mambo mawili manake watu huyachanganya. Programu ya chuo kikuu inaidhinishwa na CUE, ile Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Zamani kulikuwa na tume nyingine ya elimu ya juu tangu 1985, ikaja Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikazaliwa hii ya sasa ikiwa na kazi ya kupitisha na kukagua programu, za serikali na za binafsi pia. Wanaangalia mtaala wenu, malekchara wana shahada gani, maktaba, madarasa, maabara, mnatahini vipi. Kwa ufupi wanauliza je, chuo hiki kina uwezo wa kutoa kozi hii.

Halafu kuna TSC, ile tume ya walimu, na hii haipitishi chuo, inamsajili mtu. Mwanafunzi wako akimaliza anapeleka vyeti, wanaangalia shahada yake inatoka taasisi inayotambuliwa, wanaangalia KCSE alipata C+ na C+ nyingine kwa yale masomo mawili atakayofundisha sekondari. Nimeona watoto wa watu wakilia hapo, mtu kasoma miaka minne kumbe somo lake la pili alikuwa na C wazi, na chuo kilimpokea kikala karo kikanyamaza. Hilo nalo liko ndani ya ubora binti, anza nalo, pitia faili za mwaka wa kwanza uone kama kuna mtu kama huyo umwambie mapema.

Na watu wengi hawajui kwamba Katiba kifungu cha 237 inaipa TSC kazi ya kupitia viwango vya elimu na mafunzo ya wanaoingia katika kazi ya ualimu. Kwa hivyo hao nao wana neno juu ya mnavyofundisha, sio tu kugawa namba.

Sasa swali lako, ithibati yatosha? Ithibati inasema siku ile mlipokaguliwa mlikuwa na vitu fulani. Haisemi kama mwalimu aliyetoka kwenu mwaka juzi anaweza kusimama mbele ya watoto sitini kule Mtongwe na wakamuelewa. Nilikuwa kwenye kamati za namna hiyo kwa miaka, na mkaguzi mzuri haanzi na cheti, anachukua ripoti yenu ya nyuma anasoma ile ahadi kisha anauliza taratibu: hapa mlisema mtafanya hivi, nionyesheni. Hapo ndipo mtu anatafuta miwani ambayo ameivaa.

Kwa hivyo ile sentensi iliyorudiwa mara tatu usiifute. Iweke juu kabisa ya ripoti yako, uandike chini yake kilichofanyika. Kama ni sifuri andika sifuri na sababu.

NaibuLikoni

Mie ni naibu wa mwalimu mkuu, shule ya sekondari upande wa kusini wa feri. Kila mwaka nawapokea watu wa TP kutoka vyuo mbalimbali, na dada BintiTudor, siri ya zile alama zako za 68 mpaka 75 ninayo mimi.

Asesa, yaani yule anayetumwa na chuo kumpima mwanafunzi akifundisha, anakuja lini? Hatujui. Mwanafunzi anapigiwa simu asubuhi, "leo nakuja, uwe tayari". Asesa ana shule nne za kumaliza siku hiyo, huku kwetu moja, Ukunda mbili, Kwale moja, na gari anatia mafuta yake kisha anasubiri kurudishiwa. Feri inamchelewesha. Kipindi cha yule kijana kilikuwa saa mbili na dakika ishirini, asesa anaingia geti saa nne na nusu. Sasa kijana afanye nini? Anamuomba mwalimu wa hesabu amuachie darasa dakika arobaini, anaingia na lile andalio la somo lililoandikwa kwa kalamu za rangi, anafundisha kitu ambacho watoto hao hao amewafundisha jana.

Nilikuwa nimesimama dirishani siku moja. Kijana anauliza "nani anaweza kutuambia sifa za..." hajamaliza, mikono ishirini iko juu. Msichana wa mbele anajibu na mfano wa jana, wa kitabuni, na ukurasa anautaja. Asesa anaandika "ushirikishaji mzuri wa wanafunzi". Sikumlaumu asesa, yeye aliona alichoonyeshwa. Dakika thelathini baadaye kashajaza fomu, kaweka 72, kaomba maji, kaondoka.

Mwalimu wangu wa idara amekaa na kijana huyo muhula mzima. Anajua kwamba akiulizwa swali nje ya andalio anatetemeka, anajua kwamba daftari za watoto hasahihishi mpaka asukumwe, na anajua pia kwamba ana kipaji cha kuwatuliza wale wavulana wa nyuma ambao sisi wenyewe wametushinda. Hayo yote hakuna aliyemuuliza. Kuna fomu moja tu ya mwalimu mkuu kupiga muhuri kwamba mwanafunzi alihudhuria na tabia yake ni njema. Tabia njema! Wote tabia zao njema.

Na hiyo fomu yenu ya kusimamia TP, sijui chuo chako ina umri gani, lakini zinazokuja kwangu nyingi zina alama za "matumizi ya ubao", "chati", "sauti". Hakuna pahali pa kuandika kama huyu mtu anaweza kutathmini mradi wa kikundi, kama anaweza kumsaidia mtoto mwenye ulemavu darasani, kama anajua Gredi 10 imegawika njia tatu, sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo, na somo lake linakaa wapi.

Ukitaka data bila bajeti, njoo uwaulize walimu wangu. Hiyo haina bei.

BintiTudor

Naibu umenimaliza. Nimeenda kuangalia fomu yetu sai hii: "matumizi ya ubao" alama 10. Tathmini ya mwanafunzi, alama 5, na imeandikwa "anauliza maswali". Basi.

MpwaniNgambo

Shikamoo Maalim. Wadau habari zenu, mie mzaliwa wa Mwembe Tayari sasa niko Marekani, nafanya kazi ofisi ya takwimu kwenye kitivo cha elimu cha chuo kimoja huku, kwa hivyo hili faili la dada ndio chakula changu cha kila siku. Nitaeleza wanavyofanya huku, sio kwamba ni peponi, kuna ya kuchukua na kuna ya kuacha.

Huku serikali ya kila jimbo ndiyo inayopitisha programu ya kuandaa walimu na kutoa leseni. Juu ya hapo kuna ithibati ya kitaifa, na inayojulikana zaidi ni CAEP. Hiyo ilitokana na mashirika mawili yaliyoungana, NCATE iliyoanza 1954 na TEAC ya 1997, wakaanza kazi rasmi pamoja 2013. Sio kila jimbo linalazimisha, na kuna vyuo viliona CAEP ni nzito mno, kukazaliwa shirika jingine 2017 linaitwa AAQEP.

Ithibati ya CAEP ni ya miaka saba. Viwango vyake vikubwa vya mafunzo ni vitano: ujuzi wa somo na wa kufundisha, ushirikiano na shule za mazoezi, namna ya kuchagua na kulea wanafunzi mpaka wamalize, matokeo ya wahitimu wakishaingia kazini, na cha tano ni mfumo wenyewe wa ubora na maboresho ya kudumu. Hicho cha tano ndicho dada ulichopewa kwenye boksi.

Sasa sikilizeni, miaka saba haimaanishi unalala sita. Kila mwaka unapeleka ripoti, na lazima uweke kwenye tovuti yenu, mbele ya kila mtu, mambo manne: wahitimu wenu wana athari gani kwa watoto wanaowafundisha, waajiri wanasemaje na wadau wameshirikishwa vipi, wanafunzi wana uwezo gani wanapomaliza, na kama wanapata kazi walizosomea. Mkionekana mna kasoro ndogo mnaandikiwa eneo la kuboresha na kila mwaka mnaeleza mmefika wapi. Kasoro kubwa mnapewa sharti, na msipolitatua ndani ya miaka miwili ithibati inaondoka. Mkija kukaguliwa hawataki namba ya mwaka mmoja, wanataka mizunguko mitatu ya data ili waone mwelekeo, na iwe imetenganishwa, wa hesabu wako vipi, wa lugha wako vipi, wa chekechea wako vipi. Wastani wa jumla unaficha mengi.

Ya kuacha: makaratasi. Wallahi kuna wakati tunaandika kuhusu maboresho mpaka hatuna saa ya kuboresha. Kuna malekchara huku wanaijaza data kama watu wa kulipa faini. Na ule utaratibu wa kutumia alama za mitihani ya watoto kumpima mwalimu mpya, msiuige kiholela, unategemea jimbo lina mfumo wa takwimu na bado wataalamu wanabishana.

Ya kuchukua ni mawili kwa maoni yangu. La kwanza, fomu ya TP ni kipimo na kipimo kinapimwa. Sisi huchukua video moja ya somo, maasesa wote wanaitazama chumba kimoja, kila mtu anajaza fomu yake kimya, halafu tunafunua. Mara ya kwanza ilikuwa vita. Mtu mmoja alimfelisha yule mwanafunzi, jirani yake kampa alama za juu kabisa, video ni ileile. Ndipo wakaanza kuulizana, wewe ukiona nini unaandika 4? Hapo hakuna bajeti dada, ni simu yenye kamera na saa mbili za alasiri. Usisahau tu kuwaomba ruhusa shule na wazazi wa watoto watakaoonekana.

La pili, kwenye wahitimu usitafute wote. Hata CAEP inakubali utafiti wa wachache uliofanywa vizuri. Tafuta wahitimu wachache walio shule za karibu, uwatembelee, ukae darasani, uongee na mkuu wao.

TichaWaJunia

Mimi ni muhitimu, B.Ed historia na dini, saa hii niko juniasekondari kama mwalimu wa intaani, zile elfu ishirini mnazijua. Naongezea kidogo tu.

Tangu nimalize, chuo changu kimenitumia meseji za kuninunulisha kozi ya masters. Kuniuliza ninafundishaje, hata siku moja.

Wangeniuliza ningewaambia hivi. Wiki ya kwanza mwalimu mkuu kanipa historia kidogo, kisha akanitupia sayansi jumuishi gredi ya saba manake hakuna mtu, eneo la kujifunza ambalo mara ya mwisho kuligusa nilikuwa kidato cha pili. Chuoni tulisoma nadharia za saikolojia vitengo vingi, vizuri, sizidharau, lakini kujaza ngazi za kutathmini, huyu amezidisha matarajio, huyu amefikia, huyu anakaribia, huyu yuko mbali na matarajio, nilifundishwa na mwenzangu mwenye cheti cha P1 cha ualimu wa msingi kwenye kiti cha plastiki ofisini saa ya chai. Na kuingiza alama za miradi ya shuleni kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani, pia yeye. Mama yule hana digrii, ana miaka yake kazini, na ndiye aliyenifanya mwalimu.

Kingine ni andalio la somo. Chuoni tuliandika kurasa tatu kwa somo moja. Huku nina vipindi karibu thelathini kwa wiki. Hakuna aliyenifundisha kuandika andalio fupi ambalo bado lina maana, kwa hivyo wengi wetu tunaacha kabisa tunaingia na kitabu.

BintiTudor

Asante mwalimu, hii nainakili kama ilivyo (bila jina lako). Maalim na MpwaniNgambo, swali: hao wahitimu nawapataje? Chuo kina namba zao za zamani za usajili, nyingine za wazazi.

MaalimMstaafu

Kila darasa lina kundi la WhatsApp ambalo halijafa. Mtafute aliyekuwa kiongozi wa darasa, atakupa wote mpaka waliokwenda Qatar.

MpwaniNgambo

Hapo kweli Maalim, ila dada kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko kazini. Usichukue namba ukaanza kupiga. Mwambie kiongozi wa kundi aweke ujumbe wako, uwe umeeleza unatafuta nini na majibu yatatumika wapi, anayetaka atakujia mwenyewe. Na maswali yasizidi matano, watu wako kazini. Usiulize "uliridhika na programu?" manake watakwambia ndiyo ili waende zao. Uliza "mwezi wa kwanza kazini ulikwama wapi?"

KijanaWaMajengo

Haya mimi narudi na swali la kweli sasa sio mzaha. Chuo cha binafsi kinaishi kwa karo. Huyu dada akiandika kwamba maasesa wanachelewa, wahitimu hawajui kutathmini, fomu ni ya kale, si wazazi watapeleka watoto kwingine? Na yeye ni wa kandarasi, kandarasi inaisha Desemba. Nyinyi mnamshauri mkiwa na pensheni na dola zenu.

MaalimMstaafu

Umesema kweli kijana, na sikutarajia itoke kwako haha.

Binti, hapo inataka hekima. Ripoti ya ndani ni ya ndani, usiipeleke kwenye magazeti. Mpe mkuu wa idara rasimu kabla ya mtu mwingine yeyote, tena mpe ana kwa ana. Usiandike "maasesa hawafiki kwa wakati", andika shule zilizo ng'ambo ya feri zinahitaji ratiba inayojulikana wiki moja kabla na maasesa wanaokaa upande huo. Kitu ni kilekile lakini cha pili kina mlango wa kutokea. Na mwambie mkuu wako hivi: mkaguzi akikuta ripoti haina kasoro hata moja ndipo anapovua koti na kukaa vizuri, manake anajua kuna kilichofichwa. Akikuta kasoro mbili zimetajwa, zimefanyiwa kazi na kuna ushahidi, huwa anapita haraka. Hata ule mwongozo wa IUCEA, baraza la vyuo vikuu la Afrika Mashariki lililoko Kampala, unataka programu ijitathmini yenyewe kwanza kabla ya wageni kuingia, na kujitathmini bila kutaja udhaifu ni kujisifu.

Kuhusu kandarasi sina jibu zuri. Weka nakala ya kila ulichokabidhi na tarehe yake.

NaibuLikoni

Na kwa hao wazazi, KijanaWaMajengo, mie ni mzazi pia. Mwanangu wa kwanza akitaka ualimu nitauliza wakuu wa shule wenzangu ni chuo gani kinaleta vijana wanaojua kazi. Tunajua. Huwa tunaongea kwenye mikutano, kuna vyuo barua ya TP ikifika unasema karibu, na kuna vingine unasema nafasi zimejaa.

BintiTudor

Haya nimesoma yote, na swali la KijanaWaMajengo ndilo lililonikosesha usingizi zaidi kusema kweli.

Nimeamua sitaandika maboresho kumi na mbili kama ripoti zilizopita. Nitaandika mawili. Moja ni fomu ya TP, naomba kikao kimoja cha maasesa tutazame video kama alivyosema MpwaniNgambo, kisha tuongeze sehemu ya tathmini ya umilisi (mtoto anaweza kufanya nini) na sehemu ya mwalimu mwenyeji kumwandika mwanafunzi kwa maneno yake, sio muhuri. La pili ni wahitimu wa miaka miwili iliyopita walioko Mombasa na Kwale, maswali matano, na wachache nikawaone darasani. Mkuu wa idara nilimgusia leo kwenye ngazi, akasema video ni wazo zuri lakini mwalimu mwenyeji asipewe alama nyingi, "watawapendelea". Nikamwambia basi aandike tu bila alama, mwaka wa kwanza tulinganishe maneno yake na alama za asesa tuone zinakubaliana ama hazikubaliani. Akanyamaza kidogo kisha akasema leta kwa maandishi.

Ile sentensi ya zamani Maalim nimeiweka juu kabisa kama ulivyosema. Chini yake nimeandika: halikufanyika, hakukuwa na mtu aliyepewa kazi hiyo wala orodha ya mawasiliano.

Kwa upande wa huo mtaala mpya wa umilisi, CBE, sijui kama naweza kugusa, manake kubadilisha vitengo vya kozi ni lazima ipite seneti na irudi CUE, si jambo la ripoti ya mwaka. Lakini maikrotichingi, pale wanafunzi wanapojaribu kufundishana vipindi vifupi hapahapa chuoni, iko mikononi mwetu, hapo naweza kuingiza andalio fupi la TichaWaJunia na zile ngazi nne bila kuomba ruhusa ya mtu.

Naibu, naweza kuja shuleni kwako kuongea na walimu waliokaa na watu wetu wa TP?

TichaWaJunia

Ukitaka mama yule wa P1 aje kwenye maikrotichingi yenu siku moja nitamuuliza. Ila mumlipe nauli, msimfanyie ile ya "asante sana kwa kujitolea".

NaibuLikoni

Karibu Jumatano baada ya saa nane, vipindi vimeisha. Njoo na ile fomu mpya hata ikiwa rasimu, walimu wangu wataichana kwanza ndipo watakusaidia kuijenga. Na sharti langu moja, wakishajaza nataka matokeo yarudi huku. Vyuo vinakuja kuchota kwetu kila mwaka, bado hatujaletewa hata ukurasa mmoja wa kilichobadilika.

BintiTudor

Jumatano nimeiandika. Na ukurasa utaupata, nitauleta mwenyewe.

KijanaWaMajengo

Dada, hiyo video ya maasesa mkishaitazama tuambie kama walipigana.